Picha Ndogo Ikae Sawa na Maandishi

Hapa Saza tunachimba dhahabu, na moshi wa zebaki ni sumu. Ukiandika tangazo kwa kompyuta, picha ya fuvu ikae kwenye mstari wa zebaki. Ikihamia mstari wa maji, asiyejua kusoma ataogopa maji na kuchoma zebaki jikoni.

Fanya hivi:

1. Bonyeza picha, chagua ikae ndani ya mstari kama herufi. Ukiongeza maneno, itakwenda nayo.

2. Ipunguze ilingane na kimo cha herufi. Ikiwa kubwa, itasukuma mistari iachane.

3. Ikikaa juu mno, fungua mpangilio wa herufi, uishushe pointi 2 au 3.

Chapa nakala moja kwanza. Mwonyeshe jirani asiyejua kusoma. Akielewa, bandika.