Dopla, CT au MRI: mtoto mwenye selimundu aanze na kipi?

Mzazi akishaambiwa kwamba selimundu inaweza kumletea mwanawe kiharusi, wazo la kwanza huwa MRI, kwa kuwa ndiyo ghali. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupata kiharusi, fedha itangulie kwenye dopla ya ubongo.

Dopla ni altrasaundi. Mtoto hupakwa jeli kwenye panja, pale mfupa ulipo mwembamba, kisha kifaa husoma kasi ya damu katika mishipa mikubwa ya ubongo. Hakuna sindano, mionzi wala dawa ya usingizi. Tena mtoto awe macho na ametulia, maana akilala au akilia kasi hubadilika. Mbebee kitabu cha picha.

Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Kati ya 170 na 199, kipimo hurudiwa mapema. Utafiti wa Robert Adams na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa 1998, ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto waliofikia 200 kunapunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Penye uhaba wa damu salama, madaktari hutumia dawa ya haidroksiyurea. Ndiyo maana naitetea dopla: jibu lake lina tiba.

MRI huona makovu ya viharusi vya kimya, yaani visivyo na dalili za wazi, ambayo dopla haiyaoni. Ila mtoto mdogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi, na gharama ya mtaalamu wa usingizi huongezeka juu ya bili. CT ni ya haraka, lakini ina mionzi, na ikitumika kupima mtiririko wa damu huhitaji pia sindano ya dawa yenye ayodini.

Usiulize bei ya siku moja tu, kwani dopla hurudiwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Uliza kama bima inalipia, na kama mpimaji amefundishwa kupima watoto wenye selimundu, kwa sababu kipimo hiki hutegemea sana mkono wake. Mashine za dopla zenye picha huweza kusoma chini kidogo, hivyo tunza majibu yote na ikiwezekana rudi kwenye mashine ileile.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, usitafute dopla. Mkimbize hospitali yenye CT saa hiyohiyo.