Kivu ya Kusini: Injini ya pikipiki ikipata joto kali kwenye mlima wa Ngomo, usikimbilie kununua pistoni

Kati ya Uvira na Bukavu, kwa njia ya Ngomo, wamotari wanabeba abiria na mizigo toka bonde la Ruzizi, ambako jua ni kali, hadi kwenye baridi ya milima. Ziwa Tanganyika liko mita karibu 773 juu ya bahari, ziwa Kivu karibu 1460. Kupanda tofauti hiyo na watu wawili nyuma pamoja na gunia ni kazi nzito kwa injini ya silinda moja inayopozwa na upepo tu. Inapoteza nguvu, inagongagonga, mwishowe inazimika.

Kwenye garaji jibu linakuja haraka: pistoni imekufa. Inaweza kuwa kweli. Lakini kuna kitu kilichoiua, na kisipotafutwa, pistoni mpya itakufa vilevile. Anayelipa ni motari: fundi, vipuri, na pesa ambayo anapashwa kumletea mwenye pikipiki kila juma hata kama injini iko chini.

Basi kwanza ujiulize: joto linakuja wakati gani?

Kama linakuja hata asubuhi, bila mzigo, angalia mafuta ya injini. Injini hizi zinabeba lita moja hivi. Robo lita ikipotea, ni pengo kubwa. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima, dakika chache baada ya kuzima. Kisha angalia yale mabamba membamba yanayozunguka silinda. Wakati wa mvua, matope yanakauka katikati yake kama simenti na upepo haupiti tena. Yatoe kwa kijiti, injini ikiwa baridi. Kuimwagia maji silinda yenye joto kali, kama tunavyoona kando ya barabara, kunaweza kupinda au kupasua chuma.

Kama pikipiki inakuwa nzito tangu ulipokaza sheni, shika katikati ya gurudumu la nyuma, kwa uangalifu. Gurudumu likivutwa nyuma, fimbo ya freni nayo inakaza, na injini inashinda ikipigana na freni. Na kama injini inalia sana lakini pikipiki haisongi mbele, ni ambreyaji inayoteleza. Mafuta ya injini ya gari yanaweza kuleta hilo, sababu ambreyaji ya pikipiki inaogelea katika mafuta yaleyale ya injini.

Kuna joto lingine linaloshangaza: pikipiki inapanda Bukavu bila shida, lakini inachemka kwenye tambarare ya Uvira. Hapo mimi ningeshuku karburateri. Motari anamwomba fundi wa Bukavu apunguze esanse ili pikipiki isinywe sana. Huko juu hewa ni nyepesi, inavumilika. Bondeni hewa ni nzito zaidi, esanse inakuwa kidogo mno kwa hewa hiyo, na mchanganyiko wa namna hiyo unawaka kwa joto kali. Mpira uliopasuka kati ya karburateri na injini unafanya vilevile: upake maji ya sabuni injini ikiwaka polepole, mlio ukibadilika, umepata tundu.

Buji ndiyo inasema ukweli. Baada ya mwendo wa kazi, zima papo hapo, ngoja ipoe, itoe. Rangi ya kahawa ni nzuri. Nyeupe, tena yenye vitone vidogo, inaonyesha joto kupita kiasi. Nyeusi yenye masizi ni esanse nyingi.

Esanse ya chupa za kadhafi nayo isisahauliwe: ikichanganywa na mafuta ya taa, injini inagonga kwenye mlima na joto linapanda.

Hayo yote yakiwa sawa na joto bado lipo, sasa fundi afungue. Aanze kupima nafasi ya valvu, kisha ndipo aguse pistoni.