Juu ya Maana ya Vipimo vya Utendaji katika Mifumo ya Kompyuta

Wenyeji wa pwani walipopima nafaka kwa kibaba, walijua ya kuwa jina la kipimo peke yake halikutosha. Kibaba kilikuwa cha tele, yaani kilichojazwa hata kikafanya kilele, au cha mfuto, yaani kilichofutwa kikawa sawasawa na ukingo. Vibaba vinne vilifanya pishi moja; walakini muuzaji na mnunuzi wasiopatana kwanza juu ya tele na mfuto hawakuwa wamepatana bei. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba shauri hilohilo limo katika programu za kusimamia mifumo ya kompyuta, na ya kuwa lawahusu wataalamu wa lugha kama liwahusuvyo mafundi.

Programu hizo huziangalia kompyuta nyingine zifanyapo kazi, na kukusanya hesabu zake: maombi mangapi yamejibiwa, kila moja limekawia muda gani, na nguvu za mashine zimetumika kwa kadiri gani. Kanuni ya SNMP, iliyotolewa mwaka 1988, hupambanua kihesabio, ambacho huongezeka tu, na geji, ambayo hupanda na kushuka. Baadaye jumuiya ya DMTF, iliyoanzishwa mwaka 1992, iliandaa mfano uitwao CIM, na ndani yake maana ya kipimo huandikwa mahali pake, na thamani zake mahali pengine. Mpango huo una hekima. Thamani hubadilika kila dakika, bali maana haifai kubadilika pasipo kutangazwa.

Tuutazame mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Mji huo uko yapata kilomita 170 kutoka Arusha, katika barabara iendayo Dodoma. Humo hukutana wasemaji wa Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe, Kirangi na Kidatooga, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho katika madirisha ya ofisi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtu amefika dirishani kutaka namba ya malipo katika GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo ulioanza mwaka 2017. Ombi lake huenda kwa mtandao hata kwenye seva iliyo mbali na mji, kisha jibu hurudi. Taarifa ikisema kwamba muda wa mwitikio ni sekunde 1, hapana budi tuulize: umepimwa wapi? Ukipimwa kwenye seva, safari ya kwenda na kurudi haimo. Ukipimwa dirishani, imo. Hesabu zote mbili ni za kweli, lakini ya kwanza yamhusu fundi, na ya pili yamhusu mlipaji aliyesimama akingoja.

Neno wastani nalo lataka uangalifu. Tuseme maombi 10 yameletwa. 9 yamejibiwa kila moja kwa sekunde 1, na la 10 kwa sekunde 31. Wastani wake ni sekunde 4, na hapana hata mtu mmoja aliyengoja sekunde 4. Kwa hiyo mafundi wengi hutaja pia muda ambao maombi 95 katika kila 100 hayauzidi, ili wale wachache waliokawilishwa sana wasifichwe na wengi waliohudumiwa upesi.

Vivyo hivyo upatikanaji. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mfumo uliopatikana kwa asilimia 99 umekosekana kwa saa 7 na dakika 12. Zikiwa za usiku wa manane, Babati haitajua. Zikiangukia mchana mmoja, ni karibu siku nzima ya kazi. Tena, muda wa matengenezo yaliyotangazwa wahesabiwa ama wasamehewa? Asilimia yenyewe haisemi.

Lugha yetu ina mitego miwili ya kwake. Wa kwanza ni saa. Jambo lililotokea Babati saa 2 asubuhi laandikwa 08:00 katika hesabu ya saa 24, na seva nyingi, zifuatazo saa za UTC, huliandika 05:00. Asomaye hiyo kuwa saa tano ya asubuhi atalihesabu kuwa limetokea saa 3 baada ya wakati wake. Wa pili ni neno kasi. Twasema mtandao una kasi kwa maana ya kupitisha mengi kwa sekunde moja, na pia kwa maana ya kujibu upesi. Lakini lori lililojaa magunia huchukua mengi kuliko pikipiki, na pikipiki ikafika mbele. Napendekeza basi upitishaji kwa maana ya kwanza, na ukawiaji kwa kinyume cha maana ya pili, yaani muda upitao kabla ya jibu kufika.

Kwa ufupi, kila kipimo kitajwe pamoja na mambo matano: kinachohesabiwa, kizio chake, mahali kipimwapo, muda kihusucho, na njia ya kufupisha hesabu nyingi kuwa moja. Mtunga kamusi aingizaye istilahi ya namna hii asitosheke na kisawe chake cha Kiingereza, bali ayataje hayo. Maana kwa hesabu hizi karani husifiwa au hulaumiwa, fedha hutengwa, na mlipaji huambiwa kwamba mfumo ni mzima hali yeye angali dirishani. Mwenye maneno bora kuliko upitishaji na ukawiaji na ayalete. Lililo muhimu ni kupatana juu ya tele na mfuto kabla ya kupima.