Mradi umekubaliwa Ulaya, mbona fedha hazijafika?

Karagwe na Kyerwa tumezoea kuwaona watafiti mashambani. Mavuno Project ya Karagwe, kwa mfano, imewahi kushirikiana na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kutafiti mboji yenye vumbi la mkaa na kinyesi cha chooni kilichouliwa vijidudu kwa joto. Tafiti za namna hii huanzia kwenye makaratasi, na leo tunaeleza hayo makaratasi.

Tuseme taasisi ya hapa kwetu, pamoja na washirika wa nje, imeomba ruzuku ya utafiti ya Umoja wa Ulaya. Programu ya sasa ni Horizon Europe, ya 2021 hadi 2027, na taasisi za Tanzania zinaweza kulipwa. Barua ya kukubaliwa si mkataba. Baada yake kuna maandalizi ya takriban miezi 3.

Kila mshirika anayelipwa anatakiwa awe na namba ya utambulisho ya tarakimu 9, na athibitishe kuwa yupo kisheria, kwa hati ya usajili na nyaraka za kodi. Mkuu wa taasisi humteua kwa barua mtu wa kusimamia taarifa zao kwenye mfumo. Hapa ndipo wengi hukwama. Hati ina jina refu, muhuri una kifupi, kwenye mfumo limeandikwa jina la tatu! Maswali yanaanza, na siku zinayoyoma.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Hadi 2013 pande mbili zilikaa zikajadiliana kabla ya kusaini. Tangu 2014 andiko lililoshinda ndilo linalogeuka mkataba, na marekebisho huwa machache. Kwa hiyo kikundi cha wakulima kilichoahidiwa miche au malipo kiulize kabla andiko halijatumwa: tumeandikwa wapi kwenye bajeti? Baadaye ni vigumu kuingizwa.

Fedha zenyewe hupitia kwa mratibu wa mradi, ambaye huwagawia wenzake. Ndiyo maana washirika huandikiana makubaliano yao: nani analipwa lini, na matokeo ni mali ya nani. Tungeyasoma haya kwa makini kuliko barua ya pongezi.

Mtafiti mgeni pia anahitaji kibali cha COSTECH kabla ya kuanza kazi. Akifika kijijini, ofisi ya mtendaji ina haki ya kukiomba.