Uguza, laza, geuza: kauli ya kutendesha katika lugha ya uuguzi

Kitenzi uguza kimetokana na ugua, yaani kuwa mgonjwa. Kwa umbo lake kimo katika kauli ya kutendesha, ambayo mwanafunzi hufundishwa kuwa humwonyesha mtu anayesababisha jambo litokee: chekesha ni kumfanya mtu acheke, liza ni kumfanya alie. Kwa kanuni hiyo, uguza ingekuwa kumtia mtu ugonjwa. Hata hivyo, hakuna mzungumzaji anayeielewa hivyo. Anayesababisha ugonjwa huambiwa ameambukiza au amedhuru. Anayeuguza ni yule anayekaa na mgonjwa na kumhudumia.

Maelezo yake ni kwamba kauli ya kutendesha ina maana mbili. Ya kwanza ni kusababisha. Ya pili ni kumsaidia mtu katika jambo ambalo ni lake mwenyewe. Maana hizi mbili hukutana katika kitenzi zalisha: mkunga akisemwa amemzalisha mama, maana yake amemsaidia kujifungua, mwanamume akisemwa amemzalisha binti, maana yake amemsababisha azae. Uguza imebaki na maana ya msaada peke yake. Ugonjwa ni wa mgonjwa. Muuguzi humsaidia kuupitia. Salamu ya Ugua pole inakwenda njia hiyo hiyo: haimwamuru mtu apone, bali inamtakia augue kwa upole, bila mateso mengi.

Kazi ya wodini kwa vitenzi

Maana hii ya pili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya lugha ya uuguzi wa watu wazima, katika wodi za magonjwa ya ndani na za upasuaji. Chukua mfano wa mkulima wa Mnazi, uwandani chini ya Milima ya Usambara, upande wa kaskazini wa Wilaya ya Lushoto, anayehitaji kupasuliwa ngiri. Safari yake huelezwa kwa vitenzi vya kutendeshwa tangu mwanzo: hupandishwa mlimani mpaka mjini Lushoto, hufikishwa hospitalini, hulazwa. Ikilazimu apewe rufaa kwenda Hospitali ya Bombo, Tanga, huteremshwa tena.

Baada ya upasuaji, akiwa bado mzito kwa nusukaputi, mambo mengi aliyokuwa akijifanyia hufanywa na mwingine. Aliyekuwa akigeuka, sasa hugeuzwa. Aliyekuwa akioga, huogeshwa. Kuketi huwa kuketishwa, kuvaa huwa kuvishwa, kunywa huwa kunyweshwa, kutembea huwa kutembezwa. Mwaka 1966 muuguzi wa Marekani, Virginia Henderson, alieleza kazi ya uuguzi kuwa ni kumsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa yanayohitajika, na kumsaidia kwa namna itakayomrudishia kujitegemea mapema iwezekanavyo. Mzungumzaji wa Kiswahili huikuta sehemu kubwa ya maelezo hayo katika viambishi vya kitenzi.

Amekula au amelishwa?

Kwa sababu hiyo, tofauti ya kauli katika taarifa ya zamu si pambo la lugha. Linganisha sentensi hizi:

• Mgonjwa ametembea hadi msalani.
• Mgonjwa ametembezwa hadi msalani.

Ya kwanza inasema miguu imepata nguvu. Ya pili inasema mtu alimshika mkono. Muuguzi wa zamu ya usiku akiachiwa sentensi ya kwanza mahali pa ya pili, anaweza kumwacha mgonjwa ainuke peke yake gizani, aanguke. Vivyo hivyo, amegeuka hutaja uwezo wa mgonjwa, na amegeuzwa hutaja kazi ya muuguzi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara kwa mara, kwa desturi kila baada ya saa 2, ili damu ipite vizuri na ngozi ya mgongo, nyonga na visigino isichubuke na kuwa vidonda. Taarifa yenye neno amegeuka haithibitishi kwamba kazi hiyo imefanyika.

Jozi nyingine ya kuangaliwa ni amelala na amelazwa. Amelala ni usingizi au mkao wa mwili. Amelazwa, katika muktadha wa hospitali, ni kupokewa na kupewa kitanda. Mgonjwa aliyelazwa huenda amekaa macho usiku kucha. Kinyume cha kulazwa si kuamshwa, bali ni kuruhusiwa.

Lisha, nywesha na suala la uji

Maana mbili za kutendesha hugongana zaidi katika lisha. Kumlisha mgonjwa ni kumsaidia ale. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu anaweza pia kulishwa asichokitaka. Methali ya Mgonjwa haulizwi uji husimama katikati ya maana hizo. Hufundisha kwamba mhitaji apewe msaada bila kungoja aombe. Ikichukuliwa neno kwa neno wodini, huweza kuleta madhara, hasa kabla ya upasuaji.

Mgonjwa atakayepewa nusukaputi hutakiwa awe na tumbo tupu, kwa kuwa kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni akiwa hana fahamu. Kwa utaratibu unaofuatwa na wengi, mtu mzima huacha chakula saa 6 au zaidi kabla ya dawa hiyo, na maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa daktari aelekeze vingine. Muuguzi akimwambia ndugu wa mgonjwa “Asile kitu”, amesema sentensi sahihi kisarufi yenye pengo kubwa. Katika Kiswahili, uji hauliwi, uji hunywewa. Chai vilevile hunywewa. Ndugu aliyetoka mbali na chupa ya uji anaweza kumnywesha mgonjwa alfajiri na bado akaamini ametii agizo. Agizo lisilo na pengo ni hili: “Asile wala asinywe chochote, hata uji, hata chai, kuanzia saa fulani.” Mfasiri wa maelekezo ya hospitali asitosheke na asile pale ambapo chakula na kinywaji vyote vimekatazwa.

Nani anauguza, na nani ni muuguzi?

Kitenzi uguza ni cha watu wote. Mke aliyeketi kando ya kitanda cha mumewe, akimpepea na kumfulia, anauguza; husemwa pia “Yuko hospitali, anauguza.” Jina muuguzi, kinyume chake, limekuwa la kitaaluma. Nchini Tanzania taaluma hiyo husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Katika mazungumzo muuguzi huitwa pia nesi, lakini katika maandishi rasmi muuguzi ndilo linalofaa. Anayemhudumia jamaa yake asiitwe muuguzi. Aandikwe ndugu anayemuuguza mgonjwa.

Kauli ya kutendewa inaongeza mhusika wa tatu. “Ameuguliwa na mtoto” haina maana kwamba mtoto amefanya jambo kwa niaba yake, bali kwamba mtoto wake ni mgonjwa na pigo limemfika yeye pia. Ni muundo ule ule wa kufiwa. Kwa hiyo mzazi mmoja anaweza kuwa ameuguliwa na mtoto, na wakati huo huo anamuuguza, huku mtoto ndiye anayeugua.

Katika vyombo vya habari, hasa vya Kenya, kumeenea usemi “anauguza majeraha”, ambamo mtenda ni majeruhi mwenyewe. Usemi huu umezoeleka na unaeleweka. Hata hivyo, katika maandishi ya kitabibu huficha jambo la msingi, yaani nani anayetoa huduma. Ni wazi zaidi kuandika “anatibiwa majeraha” au “amelazwa kwa majeraha”.

Kwa mfasiri na mwalimu

Anayefasiri maandishi ya uuguzi ajiulize, kwa kila kitenzi, ni nani aliyetumia nguvu zake. Ikiwa ni mgonjwa, kitenzi kibaki katika kauli ya kutenda: amekula, ameketi, ametembea. Ikiwa ni mwingine, kauli ya kutendeshwa itumike: amelishwa, ameketishwa, ametembezwa. Nguvu zikiwa za wote wawili, Kiswahili kina njia ya tatu: amesaidiwa kula, amesaidiwa kutembea. Mkulima wa Mnazi akitoka katika kutembezwa, akapita katika kusaidiwa kutembea, hata akafika katika kutembea, familia yake inayosubiri kumteremsha nyumbani itaziona hatua za kupona kwake katika vitenzi hivyo vitatu, mradi vimeandikwa kama ilivyokuwa.