Mwana Hujulikana kwa Mwendo

Wengi wetu hudhani ya kuwa mwamini hutenda mema ili apate thawabu mbinguni, kama kibarua atakaye ujira. Mimi naona sivyo. Kijana akipita njiani, wazee husema, "Huyu ni mwana wa fulani," ijapokuwa hawajamwona uso. Wamemjua kwa mwendo wake. Na wema wa mwamini ndio mwendo alioupata kwa Babaye.

Basi mwendo wa Mungu ni upi? Kwanza, hutoa bila kubagua: Yesu alifundisha ya kuwa jua na mvua huwafikia wema na wabaya pia. Pili, humkaribia mwenye taabu: Yesu alimgusa mwenye ukoma, naye angaliweza kumponya kwa neno tu. Tatu, hakimbii gharama: huo ndio msalaba.

Hapa kwetu Uganda tumewahi kuuona mwendo huo. Daktari Matthew Lukwiya, Mprotestanti, alikuwa mkuu wa Hospitali ya Lacor, ambayo ni ya Wakatoliki, karibu na Gulu. Mwaka 1989 waasi walipokuja kuwateka watawa wa Kiitalia, aliomba achukuliwe yeye badala yao, naye akakaa porini siku kadhaa. Mwezi wa Oktoba 2000 alikuwa akisoma Kampala, akaitwa arudi, kwa maana wauguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ajabu. Akachunguza, akashuku kuwa ni ebola, akawatenga wagonjwa katika wodi yao. Wauguzi walipoingiwa na hofu hakuwalazimisha, bali aliwaambia ya kuwa yeye atabaki. Mwishowe akaugua mwenyewe, akafa tarehe 5 Desemba 2000. Katika maradhi yale waliugua watu 425, wakafa 224.

Labda mtu atauliza, "Je, wasioamini hawatendi mema?" Hutenda, tena wengine hutupita. Nao pia waliumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini sisi tunaomwita Baba kila asubuhi kanisani tuna deni zaidi, kwa kuwa watu humpima Baba kwa kututazama sisi.

Wala tusingoje ebola. Mtoto wa kidato cha kwanza akilala na homa bwenini, ni nani atakayemletea uji na kumfulia shuka lake, hata kama si wa kabila lake wala wa dini yake? Nanyi kaka zetu mliokwisha maliza, mkaketi katika ofisi, mzee asiyejua kusoma akifika mezani penu na karatasi yake, je, mtamwambia arudi kesho?

Hapo ndipo mwendo wetu utakapoonekana, nao watu watajua sisi ni wana wa nani.