Gari la zamani linanuka petroli: jinsi ya kujua kasoro iko wapi kabla ya kuvuka mpaka

Barabara ya kutoka Kikorongo kupitia Kisinga na Bwera hadi mpaka wa Mpondwe ni fupi, kilomita 38 hivi. Lakini magari mengi yanayopita hapo na mizigo ya wafanyabiashara wadogo ni ya zamani: Toyota Hiace, Corona, Corolla na pikapu za petroli. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Yale yaliyosajiliwa kabla ya hapo yaliruhusiwa kubaki barabarani, na kila mwaka mipira na paipu zake zinazidi kuchoka.

Moja ya dalili za uchovu huo ni harufu ya petroli. Madereva wengi huizoea, wakafungua dirisha na kuendelea na safari. Hilo ni kosa kwa sababu tatu.

Kwanza ni moto. Hewa yenye mvuke wa petroli wa asilimia 1.4 tu inaweza kuwaka ikipata cheche. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kutoweka. Hutulia chini ya gari, chini ya siti na kwenye shimo la gereji.

Pili ni mzigo. Kahawa, unga, chumvi na samaki wakavu hunyonya harufu. Kahawa ya milima ya Rwenzori iliyolala usiku mmoja ndani ya gari linalonuka petroli inaweza kukataliwa na mnunuzi, na hakuna namna ya kuiosha.

Tatu ni fedha. Piga hesabu: matone 20 ni kama mililita moja. Paipu inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza mililita 180 kwa saa, yaani zaidi ya lita 4 kwa siku nzima.

INANUKA WAKATI GANI?

Kabla ya kufungua hata nati moja, jiulize harufu inakuja wakati gani. Jibu la swali hilo humwokolea fundi nusu ya kazi, na wewe nusu ya gharama.

1. Baada ya kujaza tangi. Kama harufu huja ukijaza hadi juu na kupotea tangi likifika nusu, kasoro iko sehemu ya juu ya tangi. Angalia mpira wa mfuniko wa tangi, mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, na gasketi ya pampu au ya geji ya mafuta. Kwenye magari mengi madogo yenye pampu ndani ya tangi, gasketi hiyo iko chini ya siti ya nyuma. Ndiyo maana abiria wa nyuma husikia harufu kabla ya dereva.

2. Asubuhi, gari likiwa limelala. Hapa kuna uvujaji wa kweli. Tazama chini ya gari kama kuna doa. Petroli hukauka haraka, kwa hiyo ukikuta pakavu usiseme hakuna kitu: lala na kipande cha boksi chini ya tangi na kingine chini ya injini, asubuhi ukinuse na kutazama alama.

3. Injini ikiwa ya moto, mara tu baada ya kuzima. Kwa gari la kabureta hili hutokea sana kwenye joto la nyanda za Kasese. Ukizima, maji na feni vinasimama, joto la injini linapanda kwa muda, na petroli iliyobaki kwenye kabureta inachemka. Harufu ya dakika chache si ajabu. Ikidumu nusu saa, au ukiona kabureta limelowa kwa nje, basi floti au sindano yake haifungi, au gasketi imekufa.

4. Gari likitembea, au ukiwasha feni ya hewa. Feni huvuta hewa kutoka chini ya kioo cha mbele, karibu na boneti. Harufu ikija pamoja na feni, tafuta upande wa injini: mpira wa mafuta, filta, pampu, injekta. Ikija bila feni, madirisha yakiwa yamefungwa, tafuta nyuma.

5. Kwenye ekzosi. Hapa petroli haivuji, ila haiungui yote. Sababu ni plagi mbovu, filta ya hewa iliyojaa vumbi, choki iliyokwama au injekta inayomwaga. Gari hukosa nguvu, hutoa moshi mweusi na kula mafuta.

Wanaokwenda Kongo wajue jambo moja zaidi. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na Beni hadi Butembo ni 54, na Butembo iko juu sana kuliko nyanda za Kasese. Kule juu hewa ni nyepesi. Kabureta lililorekebishwa Kasese litatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na ekzosi itanuka. Hiyo si kasoro ya paipu. Ukirudi chini, harufu inapungua yenyewe. Gari la injekta linalofanya kazi vizuri hujirekebisha.

6. Kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kama kinanuka petroli na kimo cha oili kimepanda bila wewe kuongeza, petroli inaingia ndani ya injini. Kwa gari la kabureta, mshukiwa wa kwanza ni pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini: utando wake wa ndani umepasuka. Usiendelee na safari. Oili iliyochanganyika na petroli haikingi vyuma, na injini inaweza kuharibika. Rekebisha kasoro, kisha badilisha oili na filta.

Kuna mahali pengine panaposahauliwa. Magari mengi ya miaka ya 1990 yana kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi na kuurudisha kwenye injini. Fundi asiyelijua hulitoa na kuacha mipira wazi. Hapo gari litanuka kila siku, na hutaona tone popote.

KUTAFUTA BILA KUJIUNGUZA

Simamisha gari mahali pa wazi, mbali na majiko ya chakula na wavutaji sigara. Zima injini, iache ipoe. Tumia tochi, usitumie kiberiti wala mshumaa hata kwa sekunde moja. Pitisha kitambaa kikavu kwenye paipu kuanzia tangi hadi injini, ukinusa kila sehemu. Pinda mipira kwa vidole: wenye nyufa, uliovimba au uliolainika, badilisha.

Pua ya dereva huchoka na kuacha kusikia harufu baada ya muda mfupi. Mwite mtu ambaye hakuwa ndani ya gari, anuse yeye. Na kama ulibeba petroli kwenye jerikeni, itoe kwanza, upepee gari, ndipo uanze kulaumu tangi.

Kwa gari la injekta, usifungue paipu ovyo. Mafuta yake yana msukumo wa karibu mara 10 ya gari la kabureta, na yatakurukia usoni. Toa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, tenganisha betri, ndipo ufungue.

MATENGENEZO YA NJIANI

Wengi hupaka sabuni ya mche kwenye tundu la tangi. Inasaidia kwa muda, maana sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Lakini ni ya kukufikisha gereji tu, si ya kuvukia mpaka na mzigo.

Usifunge paipu kwa vipande vya tyubu, wala usiweke mpira wa maji badala ya mpira wa mafuta. Petroli huvivimbisha na kuviozesha. Mpira wa kabureta pia haufai kwa gari la injekta, kwa sababu ya ule msukumo.

Tangi likihitaji kuchomelewa, kumbuka kwamba tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwani limejaa mvuke. Lazima litolewe garini na kusafishwa kabisa kwanza. Fundi anayetaka kuchomelea likiwa bado garini, mwache.

Ukiona moto, zima swichi, watoe watu wote, tumia kizima moto cha unga. Usimwage maji, yatasambaza petroli inayowaka. Usifungue boneti wazi, hewa itauchochea moto. Wanaopita njia hii hawajasahau lori la mafuta lililogonga magari na kuwaka pale Kyambura, Rubirizi, Agosti 2019, na watu wakapoteza maisha.

Ukifika kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari linanuka. Mwambie linanuka lini, upande gani, tangi likiwa na kiasi gani, na kama oili imepanda. Na kama kuna tone linaloonekana, shusha mzigo, utafute gari jingine. Mnunuzi wa Kasindi anaweza kusubiri siku moja.